MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Katika kazi zinazotufikia sisi watu wa kalamu baada ya saa za ofisi, hakuna inayokuja mara nyingi kama hii: mwalimu mkuu, au mzee wa kamati ya shule, hubisha hodi na kusema, "Mabwana, tuandikieni tangazo la mchango, nanyi mtangulie kutoa." Wako wanaodhani kwamba karani akiisha kuandika tangazo na kutoa shilingi zake, wajibu wake umekwisha. Sisi twasema kwamba hapo ndipo unapoanza. Kwani watu hawakatai kutoa kwa sababu hawaipendi elimu. Wengi hukataa kwa sababu walitoa zamani, na hawakusikia tena habari ya fedha zao.

Tena siku hizi liko swali ambalo kila mzazi analo moyoni, hata asipolitamka. Nchini Kenya ada ya shule za msingi za Serikali iliondolewa mwaka 2003. Nchini Tanzania iliondolewa miaka michache ya mwanzo wa karne hii. Mwaka 2016 ikaondolewa hata kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha tano na cha sita. Basi mzazi asikiapo neno "mchango" huuliza: Je, hatukuambiwa kwamba elimu ni bure? Swali hili ni la haki, wala halistahili kujibiwa kwa matusi au kwa kumwita muulizaji adui wa maendeleo. Ajibiwe kwa upole kwamba ada ni jambo moja, na dawati, choo, uzio na tangi la maji ni mambo mengine. Kwamba Serikali ina sehemu yake, nao wenyeji wakitaka kuiharakisha kazi wana sehemu yao. Na kwamba mchango ni wa hiari, wala hapana mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa. Asiyeweza kuyasema maneno haya ya mwisho kwa ukweli, heri asitangaze kabisa.

Watu wetu si wageni wa jambo hili. Mwaka 1939 kilifunguliwa Githunguri, katika nchi ya Wakikuyu, chuo cha kufundishia walimu, Bwana Peter Mbiyu Koinange akiwa kiongozi wake. Fedha zake hazikutoka kwa tajiri mmoja. Walitoa watu wa marika, na kila rika lilitaka lisishindwe na jingine. Nao wanawake wakajikusanyia fedha kwa ajili ya bweni la wasichana. Chuo kile kilifungwa na Serikali ya kikoloni mwaka 1952, lakini desturi haikufungwa pamoja nacho, kwani baada ya uhuru wa mwaka 1963 shule nyingi za Kenya zilijengwa kwa harambee. Vivyo hivyo Tanzania, tangu mwaka 2004, shule za kata zilipoenea, wananchi walichimba misingi, wakakusanya mawe na mchanga, na nguvu zao zikaungana na ruzuku ya Serikali.

Tuangalie somo lililomo. Watu wa Githunguri hawakuitwa kwa jina la "umma", ambalo ni jina la kila mtu na la mtu hapana. Kila mtu aliitwa ndani ya kundi lake, mahali anapojulikana. Basi nasi tusibandike karatasi moja kwenye mlango wa ofisi tukasema tumetangaza. Habari ipelekwe msikitini na kanisani, sokoni na kisimani, kwenye vikundi vya kina mama na kwa vijana wa mpira. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mmoja wa waasisi wake, Waislamu na Wakristo walikaa ndani yake pamoja. Isiwe kwamba mchango wa shule, ambayo ni ya watoto wote, waonekana kuwa wa dini moja au wa mtaa mmoja. Wala tusiseme na kina baba barazani peke yao. Katika nyumba nyingi mama ndiye mweka hazina, naye asiposhauriwa, ahadi ya baba haifiki mbali.

Pili, tangazo liseme hesabu. Kuandika "Tusaidieni kuendeleza elimu" ni kuandika hewa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba darasa lina watoto 45 wakaao chini. Madawati 15 ya watoto watatu watatu yatawatosha wote. Ikiwa fundi ataka shilingi 80,000 kwa dawati moja, jumla ni shilingi 1,200,000. Nyumba 100 zikitoa shilingi 1,000 kila juma, kwa majuma 12 kazi imekwisha. Mtu aonapo hesabu ya namna hii huona mwanzo na mwisho wa mzigo, naye hujua kwamba shilingi elfu yake si tone lililotupwa baharini. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kionekane.

Tatu, yafaa kuchagua majira. Mwezi wa Januari mzazi ananunua sare na madaftari. Miezi ya njaa kabla ya mavuno hana kitu. Mkulima aombwe baada ya kuuza kahawa, pamba au korosho yake, na mtumishi aombwe mwisho wa mwezi. Asiye na fedha atoe siku ya kazi, au mzigo wa mchanga, au ufundi wake, na kazi yake iandikwe katika daftari lile lile liandikamo fedha. Wala majina yasisomwe hadharani kwa kupanga wakubwa juu na wadogo chini. Mjane aliyetoa shilingi mia tano akiaibishwa mara moja, mara ya pili hatakuja, na jirani zake hawatakuja pia.

Sasa twafika kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nani katika kijiji anayejua kutunza daftari kuliko karani? Twajua kukata stakabadhi, kutenganisha mapato na matumizi, na kufunga hesabu mwisho wa mwezi. Kazi hii twaifanya kila siku kwa ajili ya mshahara. Yatupasa kuifanya pia kwa ajili ya watoto wetu. Anayepokea fedha asiwe yeye anayezitumia. Kila atoaye apewe stakabadhi, hata kwa shilingi mia. Na kila mwezi hesabu isomwe mbele ya watu kwa Kiswahili chepesi: tulipata kiasi hiki, tulinunua hiki, kimebaki hiki. Ikiwa mbao zimepanda bei na madawati yamepatikana 12 badala ya 15, lisemwe hivyo hivyo. Watu husamehe upungufu walioambiwa, hawasamehi uliofichwa.

Iko misingi ya madarasa ambayo nyasi zimeota juu yake, na kila apitaye huitazama na kukumbuka fedha yake. Msingi mmoja wa namna hiyo huharibu matangazo kumi yajayo. Hasara yake si matofali tu, bali ni imani ya watu; na mwenye kulipa deni hilo ni mtoto aandikaye akiwa amepiga magoti sakafuni, ambaye hakula shilingi ya mtu.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wote: mtakapoombwa tena kuandika tangazo la mchango wa shule, ulizeni kwanza daftari liko wapi, nani analitunza, na siku gani litasomwa. Ikiwa halipo, jitoleeni kulifungua. Shilingi zetu ni chache kama za wengine, lakini kalamu tunayo, na hiyo ndiyo sehemu yetu katika mchango.