Makofi si Kura: Tamko la Kikundi cha Kujifunza Taratibu za Mikutano, Kiriba

Sisi wanachama wa kikundi cha kujifunza taratibu za mikutano hapa Kiriba, wakulima, wavuvi, mama lishe, walimu wawili na fundi baiskeli mmoja, tuliokutana Jumapili alasiri akidi ikiwa imetimia, tunatoa tamko hili kwa wakazi wenzetu wa Musoma Vijijini na majirani zetu wa Bunda na Butiama.

Tumechoshwa na ajenda iitwayo mengineyo. Kila anayehudhuria mikutano ya kijiji anaijua. Jua linazama, kina mama wameshaondoka kuwahi maji na chakula cha jioni, vijana wameteremka mwaloni kuandaa taa za dagaa, na hapo ndipo jambo zito linapochomozwa. Katika mkutano mmoja, kijiji hatukitaji, kipande cha malisho kilitolewa kwa namna hiyo. Mwenyekiti aliuliza, "Jamani, tumekubaliana?" Wachache wakapiga makofi. Wengine tulidhani ni makofi ya kufunga mkutano. Kesho yake tukaambiwa tumeshapitisha, na muhtasari ukasomeka kwamba wananchi waliafiki kwa kauli moja.

Hatumlaumu mwenyekiti peke yake. Sisi tuliobaki pale hatukujua la kusema. Angesimama mtu mmoja tu akauliza: hoja hii imetolewa na nani, nani ameiunga mkono, na je, akidi ipo? Hakusimama mtu. Tulinung'unika njiani, tukanung'unika kilabuni, na manung'uniko hayaandikwi kwenye muhtasari.

Sheria iko upande wetu, tena kwa muda mrefu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa cha maamuzi ya sera kijijini. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, iko chini yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakwenda mbali zaidi: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Hiyo idhini ndiyo iliyogeuzwa makofi.

Wapo wanaotuambia kwamba mambo ya hoja na akidi ni ya Dodoma, kwamba wazee wetu walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakaelewana. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliusifu utaratibu huo, nasi hatuudharau. Lakini chini ya mti ule walikaa wazee wachache waliojuana toka utotoni, na sauti za wanawake na vijana hazikusikika sana. Leo tuko mamia, tuna kipaza sauti kimoja, na anayekishika ndiye anayeelewana na nafsi yake.

Tena utaratibu huu wa hoja na akidi haukuzaliwa bungeni pekee. Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani, alitakiwa mwaka 1863 aongoze mkutano kanisani kwake huko New Bedford, nao ukamshinda kabisa. Aliona aibu, akaanza kusoma, na mwaka 1876 akatoa kitabu cha kanuni za mikutano ambacho vyama vingi vinakitumia hadi leo. Aibu kama hiyo tunaijua. Na kwa wanaodhani mambo haya ni ya watu wa mbali, ng'ambo tu ya maji, Ukerewe, ndiko alikozaliwa Mzee Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960 na Spika kuanzia 1994 hadi 2005.

Kwa hiyo tunatamka kwamba uamuzi usio na mtoa hoja, usioungwa mkono na usiohesabiwa kura hatutautambua kuwa ni wetu. Tunawaomba watendaji wa vijiji wabandike ajenda siku kadhaa kabla ya mkutano, na suala la ardhi au michango lisiingizwe kamwe kwenye mengineyo. Muhtasari uliopita usomwe kwa sauti na uthibitishwe kwanza.

Mlango wetu uko wazi kwa kila mkazi, awe na kadi ya chama gani au asiwe nayo. Tunajifunza kwa kuigiza: wiki hii tunapitisha bajeti ya kisima ambacho hakipo, wiki ijayo tunabishania mbuzi wa kufikirika. Kila mmoja hushika uenyekiti kwa zamu, na kwa kuwa hatuna rungu, mwenyekiti hugonga kifuniko cha sufuria. Bora kuliko wote mpaka sasa ni mama mmoja muuza dagaa. Hakuna anayezungumza mara mbili kabla mwingine hajazungumza mara moja. Njoo na daftari. Vikundi vya kina mama na vijana vinavyoandaa maombi ya mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri tutavisaidia kuandika mihtasari, bila malipo.

Tamko hili lilisomwa mara mbili na kurekebishwa katika aya mbili. Kura 17 ziliafiki, 4 zilipinga. Waliopinga walitaka sentensi kuhusu kilabu iondolewe, nao wameomba pingamizi lao liandikwe. Limeandikwa.

Mwenyekiti wa zamu na Katibu,
kwa niaba ya wanachama, Kiriba.