Dhamana ni Deni: Tusome Kabla ya Kutia Saini

 

Ndugu Waislamu, kijana wa Mkoani anapokamatwa na bangi, nyumbani huanza kilio, kisha hutafutwa mdhamini. Ami au jirani hugongewa mlango baada ya Isha. Asubuhi huwekewa karatasi mbele yake mahakamani, naye huitia saini kwa haya na huruma, bila ya kuisoma.

Hati ile si barua ya kusema kijana ametoka ukoo mwema. Ni ahadi ya kisheria kwamba mtuhumiwa atahudhuria kila aitwapo. Asipohudhuria, mdhamini hutakiwa aeleze kwa nini asilipe kiasi kilichoandikwa. Akikosa sababu na asilipe, mali yake yaweza kukamatwa.

Dini yetu haikataa dhamana. Katika Suratu Yusuf, aya ya 72, mnadi wa mfalme alijifanya mdhamini wa shehena ya ngamia. Sahaba Abu Qatada (R.A.) alilichukua deni la maiti ili Mtume (S.A.W.) amsalie. Lakini alijua anachokichukua. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kushuhudisha. Vipi basi Muislamu atie saini asichokijua?

Linalotutia hofu zaidi ni mali inayowekwa. Hapa Pemba aghalabu ni shamba la mikarafuu, na mara nyingi ni la marehemu baba, halijagawiwa. Ndani yake mna haki ya mama, ya dada walioolewa Wete au Chake Chake, pengine na ya mayatima. Anayeliweka peke yake ameweka haki za wenziwe. Kumwokoa mtoto mmoja hakuhalalishi kuwadhulumu warithi.

Vijana nao wana hoja yao: mbona Marekani bangi inauzwa madukani? Ni kweli, wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington waliiruhusu mwaka 2012, na mengine yakafuata. Lakini si majimbo yote, na sheria ya serikali kuu ya huko haijaihalalisha bangi ya starehe. Kila mamlaka ina sheria yake. Hata kwetu, Tanzania Bara ina sheria yake ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na Zanzibar ina yake, Namba 8 ya mwaka 2021. Kijana wa Mkoani hahukumiwi kwa sheria ya Colorado. Na mbele ya Mola wake, kilevi ni haramu popote alipo.

Nasaha yetu ni hii. Mzee asomewe hati yote, aulize kiasi na masharti. Aweke kilicho chake tu. Mirathi igawiwe kwanza, ikibidi mbele ya Kadhi. Kijana asipandishwe jahazi usiku kwenda Tanga, kwani aliyemdhamini ndiye atakayebaki kuulizwa. Naye akirudi nyumbani kwa dhamana, asitengwe. Aambiwe waziwazi nani amejifunga kwa ajili yake, na aende naye mahakamani kila siku ya kesi.