Blade Runner 2049: Vumbi la rangi ya chungwa lililofikishwa mahakamani

Oktoba 10, 2024, Elon Musk alipanda jukwaani kwenye studio za Warner Bros. huko California kuzindua Cybercab, teksi ya Tesla inayojiendesha. Kwenye skrini ikatokea picha: mwanaume wa koti refu, ameipa kamera mgongo, anatazama magofu ya jiji yaliyozama kwenye mwanga wa rangi ya chungwa.

Walioiona Blade Runner 2049 walijua inafanana na nini.

Siku chache baadaye Alcon Entertainment, watengenezaji wa filamu hiyo ya 2017, wakazishtaki Tesla na Warner Bros. Discovery pamoja na Musk mwenyewe. Wanadai waliombwa ruhusa ya kutumia picha ya filamu, wakakataa, kisha ikatumika nyingine inayoonekana kutengenezwa kwa akili mnemba.

Utauliza, kwani rangi ya chungwa ina mwenyewe? Haina. Ila mwonekano ule haukuokotwa barabarani. Mwongozaji Denis Villeneuve na mpiga picha Roger Deakins waliuchota kwenye dhoruba ya vumbi iliyoifunika Sydney mwaka 2009. Wakajenga seti za kweli kwenye studio za Budapest, na maghorofa ya Los Angeles yakaundwa kwa mikono, madogo madogo, na mafundi wa Weta Workshop wa New Zealand. Deakins, aliyekuwa ametajwa kuwania Oscar mara 13 bila kushinda, hatimaye akaipata kwa filamu hii.

Na rangi ile ina kazi yake kwenye hadithi. K (Ryan Gosling) ni askari wa Los Angeles, binadamu wa kutengenezwa, anayetumwa kuwaua wa aina yake. Mambo yote ya filamu za upelelezi za zamani yapo: mpelelezi mpweke, mvua isiyokatika, taa za neoni, siri inayomrudia mwenyewe. Mji wake ni wa kijivu, umebanana. Ghafla anafika Las Vegas. Kimya. Jiji limeuawa na mionzi, masanamu makubwa yamelala kwenye vumbi, na kitu cha kwanza chenye uhai anachokutana nacho ni nyuki. Amekuja na swali moja tu: kumbukumbu zangu ni zangu, au nilipandikizwa?

Musk alisema jukwaani kwamba anaipenda Blade Runner ila hautaki mustakabali ule, labda koti tu. Sawa. Lakini alihitaji hofu iliyomo kwenye picha ile, na hofu hiyo kuna watu walioihangaikia miaka. Kama madai ya Alcon ni kweli, basi neno "hapana" la msanii limepungua thamani: akikunyima picha, unaiambia mashine ikupe inayofanana. Hilo linamgusa hata mpiga picha wa harusi au mchora mabango, si Hollywood peke yake.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba tajiri wa filamu hiyo, Niander Wallace, ni mtu anayetengeneza viumbe na kuwamiliki.

Hujaiona? Ni karibu saa tatu, kwa hiyo usiianze ukiwa kwenye daladala. Subiri usiku, zima taa, pandisha mwanga wa simu, vaa hedifoni. Ukifika Las Vegas, usipeleke mbele.