SANAA YA IHEMBE SI YA KUMCHEZEA MGENI



Maneno yanapita kwenye vilabu vya rubisi, na hata kwenye foleni ya mizani, kwamba chumba cha mwisho cha ghala letu apewe mfanyabiashara aweke mashine za bonanza. Eti atalipa kodi kila mwezi, na sisi tunaotaka kiwe chumba cha maonyesho ya sanaa ya kijiji tunaota ndoto. Sisi tunasema hapana, na tunasema kwa maandishi ili kila aliyepita kisomo asome mwenyewe, asisubiri kusimuliwa.

Hebu tuulizane, sanaa yetu leo ikoje? Akija mgeni, mbiu inapigwa: kinamama vaeni, ngoma itoke! Wanaacha migomba na majembe, wanakaa juani kutwa. Mgeni anatazama dakika kumi, anapiga picha, anapanda gari. Malipo ni soda moja, tena ya moto. Mzee wa enanga, anayeweza kuimba habari za kale mpaka jogoo awike, anaambiwa fupisha mzee, muda hautoshi.

Na mikeka je? Mlanguzi anaikuta haijaisha kusukwa. Mama ana shida ya sare ya mtoto, anapokea fedha kidogo, na mkeka ukiisha si wake tena. Jamani waitu, hiyo ni butura! Kahawa ikinunuliwa ingali maua tunapiga kelele mpaka Bukoba. Mkeka ukinunuliwa ungali ukindu tunanyamaza, kwa sababu ni kazi ya wanawake.

Wapo wasomi wetu wanaosema kijijini hakuna sanaa, ni ushamba tu. Hiyo ni kasumba. Mwaka 1876 Stanley alipofika hapa Karagwe alionyeshwa hazina ya Omukama Rumanyika, akaandika alichokiona, na humo mlikuwa na sanamu za bata na za ng'ombe za shaba. Hakuna Mzungu aliyemfundisha mhunzi wa Karagwe kufua. Lakini tuseme ukweli wote: ile ilikuwa hazina ya mtawala. Sisi haturudi huko. Tunataka nyumba ambayo aliyesuka na aliyechonga ndio wenye ufunguo. Na leo mtoto wa Ihembe akitaka kuona msonge wa Kihaya umehifadhiwa, afunge safari ya zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam! Miti na nyasi za kuujengea si zipo huku huku?

Wengine wanasema tusubiri mfadhili. Tunawauliza, Chamwino mnaijua? Ni kijiji kule Dodoma, ambako Mwalimu alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wakati wa ujamaa. Wagogo wa pale wana kituo chao cha sanaa, na mwaka 2009 walianza tamasha la muziki wa Kigogo. Vikundi vinatoka vijijini na zeze, na marimba, na kinamama wanapiga ngoma za muheme wenyewe. Hawakuhamia mjini ili watazamwe, watazamaji wanawafuata kijijini. Hatusemi hawana marafiki wa kuwasaidia. Tunasema ngoma ilikuwepo kwanza, rafiki akaikuta inalia. Na Mgogo mvua yake ni ya kuhesabu, sisi tuna migomba mpaka mlangoni tunasema hatuwezi!

Sasa hiyo kodi ya bonanza. Fedha yake inatoka wapi? Ni fedha ileile ya kahawa ya mwanachama, inatolewa mfukoni mwa kijana wake sarafu baada ya sarafu. Kidogo kinarudi kwa chama kinaitwa kodi, kingine chote kinaondoka na mwenye mashine. Huo ni unyonyaji tunaoukaribisha wenyewe, tena tunaupa na chumba.

Tunavyotaka sisi ni hivi. Chumba kiwekwe rafu na daftari. Kila kitu kiandikwe jina la aliyekitengeneza na bei anayoitaka yeye, kama karani anavyoandika kilo za kahawa. Maonyesho yawe siku ya malipo ya kahawa, maana siku hiyo watu wana fedha. Jioni enanga ipigwe kwa kiingilio, mgeni naye alipe, na mzee apewe chake mkononi kabla hajaondoka. Wazee waliotuuliza juu ya vitu vya matambiko wasiwe na wasiwasi. Kitu cha ukoo hakitaingia humo bila ukoo kukubali.

Mkutano mkuu ukifika, hoja ya kupangisha chumba itasomwa na sisi tutaipinga. Anayeitaka asimame aseme mbele ya watu, si klabuni. Kuanzia sasa mlinzi wa ghala anapokea mikeka na vikapu. Andikeni majina wenyewe kwenye kipande cha karatasi. Asiyejua kuandika aje darasa la jioni, Jumatano, aje na mkeka wake.

Katibu wa Tawi