Je, Trekta Lako Laonekana Usiku?

Ikiwa umepata kusafiri jioni katika barabara kuu ya Namanga, kati ya Kitengela na Isinya, labda umeona dereva akikanyaga breki ghafula na abiria wote wakapiga kelele. Mbele hapana ng'ombe wala shimo. Ni trekta kuukuu likivuta trela la nyasi kavu, halina taa hata moja nyuma. Nami nimekuwamo katika gari la namna hiyo. Tulisimama karibu hata nikaweza kuhesabu marobota ya nyasi.

Nilipomweleza habari hiyo mzee mmoja mwenye trekta, alinijibu, "Kijana, trekta ni kubwa kama nyumba. Asiyeliona ni kipofu." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

Na tufanye hesabu kidogo. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Trekta laenda kilometa 20 hivi. Basi gari hulikaribia trekta kwa mita 17 hivi kila sekunde. Dereva akiinamisha taa zake kwa sababu ya lori litokalo Namanga, humulika mita 50 tu au karibu na hizo. Kwa hiyo ana sekunde 3 za kuona, kufahamu na kushika breki. Mkokoteni wa punda uko katika hatari kubwa zaidi, maana waenda mwendo wa mtu. Ukubwa haufai kitu gizani, wala nyasi hazirudishi mwanga.

Matrekta yetu mengi ni ya zamani. Massey Ferguson 135 ilianza kuundwa mwaka 1964, na bado ziko zinazolima. Ni chuma cha kusifiwa. Lakini nyaya za taa zimekwisha oza, na hata taa zikiwaka, trela lililojaa huzificha. Ndiyo sababu alama yafaa iwe nyuma ya trela lenyewe, si juu ya trekta.

Vioo vyekundu vya kuakisi mwanga, au zile karatasi nyekundu na njano zing'aazo nyuma ya malori, huonekana zaidi ya mita 100 na havihitaji betri. Tia pande zote mbili, kwenye ncha kabisa. Ukitia kimoja katikati, dereva atadhani ni bodaboda, naye atajaribu kupita mahali ambapo trela lako limejaza njia. Kisha uvifute. Kioo chenye matope ya shambani ni sawa na hakuna kioo.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hawalifikirii. Ile taa nyeupe ya nyuma, ya kulimia usiku, huachwa ikiwaka mpaka barabarani. Ajaye nyuma huona mwanga mweupe, akadhani ni gari linalomjia. Izime kabla hujatoka shambani. Na trekta likiharibika njiani, usitegemee matawi ya miti peke yake, kwa kuwa majani hayang'ai. Weka pembetatu nyekundu mbali nyuma, na mawe uliyozuilia magurudumu usiyaache barabarani uondokapo.

Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Ohio State kilibuni pembetatu ya rangi ya machungwa yenye kingo nyekundu, kwa vyombo viendavyo polepole tu. Rangi hiyo huonekana mchana, na kingo hung'aa usiku. Mimi naona ingetufaa sana hapa, hasa asubuhi za Julai ukungu ushukapo Ngong na Kiserian. Ningependa pia kila mtu anayekodisha trekta akatazwe kulipeleka barabarani bila alama, kama vile lori linavyokatazwa.

Najua madereva wa matatu wana makosa yao; kurasa hizi hazitoshi kuyataja. Lakini huwezi kukanyaga breki ya mtu mwingine.

Usiku wa leo liache trela lako uani au kando ya shamba. Rudi nyuma hatua 100, shika kurunzi karibu na jicho lako, ulimulike. Ukiona madoa mawili mekundu, vema. Usipoona kitu, nyasi zingoje mpaka alama zipatikane.