Daftari la Wiki: Wimbo Uliohesabiwa

Nafasi ya 14

Mwaka 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, lilitoa sahani ndogo ya santuri yenye wimbo "Helule Helule", nao ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati ya nchi hiyo. Mtunzi wake alikuwa Daudi Kabaka, Mkenya aliyevuma kwa twist ya Kiafrika, aliyerekodi katika studio za Equator Sound jijini Nairobi pamoja na akina Fadhili William, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Ukizungumza na wapenzi wa muziki wa zamani, habari hii huelezwa kama ushahidi kwamba muziki wetu ulikuwa bora hata Wazungu wakaukubali. Mimi naisoma vingine. Ubora wa wimbo ule haukuhitaji cheti cha London. Ninachokiona katika namba 14 ni kwamba kule kulikuwa na watu wanaohesabu, na kuhesabu huko ndiko tulikokukosa, hasa sisi wa nyanda za kati za Tanzania.

Hesabu yenyewe haikuwa takatifu. Chati ya kwanza ya Uingereza, iliyochapishwa na gazeti la New Musical Express Novemba 1952, ilipatikana kwa kupigia simu maduka kama 20 hivi na kuuliza kinachonunuliwa. Katika miaka ya 60 magazeti kadhaa yalikuwa na chati zao, na wimbo mmoja uliweza kupewa nafasi tofauti katika wiki moja. Chati moja rasmi ilianza Februari 1969. Hata hivyo, hesabu ile yenye kasoro iliandikwa kila wiki na kutunzwa. Ndiyo maana leo, zaidi ya nusu karne baadaye, hakuna anayebishana kama "Helule Helule" iliuzwa au haikuuzwa.

Kadi za salamu

Huku kwetu mizani ya umaarufu ilikuwa redio. Msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaorodhesha ndugu na marafiki, akachagua wimbo, akasubiri jina lake lisomwe hewani. Bendi zilirekodi kwenye kanda za Radio Tanzania, na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, sahani zilipatikana Kenya. Nyimbo za Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro, kwa mfano, zilitolewa na kampuni ya Mzuri ya Mombasa. Redio iliwafikia watu wengi kuliko duka lolote, na kwa upande huo mizani yetu ilikuwa pana kuliko ya Waingereza, kwani hata asiye na gramafoni alikuwa na sauti. Lakini upendo ule wote ulipita hewani bila kugeuka kuwa kumbukumbu ambayo mtunzi angeweza kuishika mkononi na kudai haki yake. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazama "Malaika". Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 60, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauimba katika albamu yao ya 1965 iliyoshinda tuzo ya Grammy, kisha Boney M wakaurudia mwaka 1981. Hadi leo utunzi wake unagombewa: wapo wanaomtaja Fadhili, wapo wanaomtaja Grant Charo, na wapo wanaomtaja Adam Salim. Umaarufu haukumaliza ubishi huo, bali uliukuza, kwa sababu kumbukumbu zilianza kutafutwa baada ya fedha kuonekana.

Wanaopinga

Wapo watakaosema mafanikio ya 1968 ni jasho la The Tremeloes, waliopanga upya muziki na kuupeleka sokoni. Jasho lao silikatai. Lakini kundi hilohilo lilifika nafasi ya 4 mwaka 1967 kwa "Here Comes My Baby", wimbo wa Cat Stevens, na hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa wao ndio walioupandisha, mtunzi asahauliwe. Kabaka anastahili kipimo hichohicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka hapahapa Dodoma. Ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama wa Kigogo, zeze, marimba za vidole na kuimba kwa sauti nyingi, vyote ni urithi wa jamii nzima; utaandika jina la nani? Ni swali la haki, na sheria imejaribu kulijibu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na inataka kibali pale zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Ulinzi huo, hata hivyo, hauna nguvu pale ambapo hakuna aliyeandika ni kijiji gani, kikundi gani, na lini. Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doda, aliufikisha muziki wa Wagogo hadi Real World, kampuni ya santuri ya mwanamuziki Peter Gabriel, na ulimwengu unamtambua kwa sababu jina lake limo kwenye albamu. Wazee wengi waliopiga zeze kwa ufundi wamezikwa bila hata mstari mmoja.

Wengine wanahofu kwamba hesabu itaugeuza muziki kuwa bidhaa. Muziki ulishakuwa bidhaa siku ya kwanza tangazo la biashara lilipowekwa kati ya nyimbo mbili redioni. Kilichobaki ni kuamua kama mwenye wimbo atakuwa na sehemu katika biashara hiyo.

Liandikwe

Kazi hii haihitaji mitambo ya kutisha. Kila redio ya Dodoma, Singida na Tabora iandike kila wimbo inaoupiga na mtunzi wake, iipeleke orodha hiyo mahali mirabaha inapogawiwa, na nakala ibaki wazi kwa msanii yeyote anayetaka kuikagua. Kila afisa utamaduni wa halmashauri aandikishe vikundi vya ngoma pamoja na viongozi wao na nyimbo zao, wazee wakiwa bado hai wa kuulizwa. Na Bunge, ambalo makao yake yako katikati ya nchi ya Wagogo, liidai hesabu hiyo kila mwaka kama linavyodai hesabu za fedha nyingine za umma, maana wimbo ni mali ya mtu au ya jamii, na mali ya watu haiachwi bila hesabu.