Aliyemupa mtoto bunduki njo ahukumiwe kama mukubwa

Ndugu raia wa Fizi, vijana wenzetu wa Baraka,

Tunasikia maneno bandarini, sokoni, hata kwenye vikundi vya WhatsApp: eti mtoto wa miaka 15 akiua ao akibaka, ahukumiwe kama mtu mzima, juu mwenye kubeba bunduki si mtoto tena. Hasira tunaielewa. Kati yetu kuko waliozika wazazi. Lakini hapo tunakataa.

Tumesahau kesi yetu wenyewe? Siku ya mwaka mpya 2011 askari waliingia Fizi, wakabaka, wakapora. Mwezi wa pili mahakama ya kijeshi ikaja kukaa hapa hapa Baraka, mbele ya watu. Wamama 49 walisimama wakasema yaliyowapata. Tarehe 21, Luteni Kanali Kibibi Mutware akapata miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na maafisa watatu vilevile. Kati ya washitakiwa 11 alikuwemo mtoto mmoja. Faili yake ikatumwa kwa tribunali ya watoto. Je, ile ilimupunguzia kanali hata siku moja? Hapana!

Na tribunali ya watoto haiko mahali pa kubembelezana. Mwamuzi anaweza kumutoa mtoto kwao na kumuweka kwenye kituo cha malezi. Kile hawezi ni kumupa kifo wala kifungo cha maisha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 imekataza. Tangu Machi 2024, serikali ilipofungua tena mlango wa kuua waliohukumiwa kifo, mwenye kusema "kama mukubwa" ajue anaomba nini. Tena huku kwetu, ambako watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa, umri wake mutaupima na nini? Na ndevu?

Sheria ileile, kifungu 187, inasema: mwenye kuingiza mtoto kwenye kikundi cha silaha, miaka 10 mpaka 20. Ni makomanda wangapi wa Fizi mumeona wakijibu juu ya hiyo? Tunawaona wakipita na mapikipiki, watoto wamekaa nyuma na silaha, na wakubwa wanawaamkia.

Kwa hiyo tunadai: mtoto asifungwe kasho moja na wakubwa. Faili yake itoke mikononi mwa wanajeshi. Penye mashaka ya umri, ahesabiwe mtoto. Na kila faili ya mtoto mwenye silaha, prokireri aandike swali la kwanza: nani alimupa?